"A NGO" au "an NGO"?
Ndugu, kwenye hiyo barua ya kuomba kazi hapa Goma, sahihisha "a NGO driver" iwe "an NGO driver". Usitazame herufi, sikiliza sauti ya kwanza: Kiingereza kinasoma en-ji-o, yaani sauti ya kwanza ni irabu, na mbele ya irabu huwekwa "an". Ndivyo zilivyo F, H, L, M, N, R, S na X, pamoja na A, E, I, O. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa hunaswa zaidi na U. Husomwa yu, sauti ya kwanza ni konsonanti, kwa hiyo "a UN driver". H nayo si ash, ni eich: "an HIV test". Ila MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani Kongo, husomwa kama neno zima, basi "a MONUSCO base".