Hati za shamba na majina yaliyomo

SWALI: Ndugu Mhariri, ukoo wetu ulimiliki mashamba ya karafuu Unguja na, kama wazee wanavyonong'ona, watumwa pia. Je, hati za ardhi zinaweza kunionyesha ukweli?

JIBU: Zinaweza. Anzia Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani, ukiwa na jina la babu, la baba yake, la kabila na la mahali lilipokuwa shamba, na uongozane na mtu anayesoma mwandiko wa Kiarabu. Usiishie kwenye hati za mauzo. Wenye mashamba wengi walikopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi kwa kuweka mikarafuu rehani, na hati ya rehani hutaja mipaka kwa majina ya majirani. Ukikuta jirani ameandikwa kuwa ni mtumwa huru wa fulani, yaani aliyeachwa huru na bwana huyo, umempata bwana na mtumwa katika mstari mmoja. Pitia pia hati za wakfu, kwa maana wapo matajiri waliowawekea wakfu nyumba watumwa waliowaacha huru. Kisha linganisha na madai ya fidia, ambayo mabwana waliruhusiwa kuyapeleka mahakamani baada ya amri ya 1897 iliyofuta utumwa kisheria.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitaifishwa na kugawiwa ekari tatu tatu, kwa hiyo mlolongo wa umiliki hukatika hapo.

Nakusihi uyanakili majina ya watumwa kwa uangalifu uleule unaowapa babu zako, kwani wajukuu wao nao wanayatafuta.