Kabla hujaenda kufundisha Kiswahili Marekani

Kila mwaka napata ujumbe uleule kwenye simu: "Dada, nimepata ile nafasi ya kufundisha Kiswahili Marekani, nijiandae vipi?" Nimechoka kuandika jibu moja mara ishirini, kwa hiyo leo naliweka hapa, nanyi mtanisamehe kwa urefu.

Nilikuwa mwalimu wa sekondari Morogoro, nafundisha Kiswahili kidato cha tatu na cha nne, nikapata nafasi kupitia mpango wa Fulbright, wa serikali ya Marekani, wa walimu wasaidizi wa lugha, ule tunaouita FLTA. Ni mwaka mmoja wa masomo, kama miezi 9 hivi. Unafundisha lugha yako, na wewe mwenyewe unasoma angalau kozi mbili kila muhula, kisha unarudi nyumbani. Mimi nilipelekwa mji mmoja wa chuo jimbo la Iowa, katikati ya mashamba ya mahindi ambayo basi linakata saa mbili nzima hujaona kingine.

Mambo ya karatasi sitayasemea sana, utaelezwa. Ninalosisitiza ni moja: nenda na fedha za kukutosha mwezi mzima, hata kama ni za kuazima kwa kaka. Namba ya Social Security, yaani ya hifadhi ya jamii, unaiomba ukishafika, kadi inakuja kwa posta kwa wakati wake, na malipo ya kwanza nayo hayakungoji uwanja wa ndege. Mimi nilishuka na dola ambazo kwa hesabu za Morogoro zilikuwa mali. Shuka, mto, sufuria na kadi ya basi vikazimaliza kabla ya Ijumaa.

Sasa darasa. Hapa ndipo nilipoumia, na hapa ndipo naona wenzangu wengi wanaumia.

Jaribio la kwanza nililisahihisha usiku kucha. Asubuhi nikazipanga karatasi kama tunavyopanga kwetu, wa kwanza juu, wa mwisho chini, nikaanza kusoma. "Kumi na tisa kati ya ishirini! Hongera sana, tumpigie makofi." Makofi yakapigwa, ya kinyonge, nikadhani ni aibu ya ugeni. Nikaendelea kushuka. Nilipofika kwenye sita kati ya ishirini, binti mwenye karatasi hiyo alikuwa ameinama anatazama kamba za viatu vyake, na darasa zima limenyamaza kama msibani. Nikasema, kwa nia njema kabisa, "Wewe ujitahidi."

Mchana mratibu akaniita. Akafunga mlango taratibu, na mlango ukifungwa taratibu ujue kuna jambo. Akanieleza kwamba kuna sheria, FERPA, ya tangu mwaka 1974, inayolinda kumbukumbu za mwanafunzi. Alama ni siri yake. Huzisomi mbele ya wenzake, huzibandiki mlangoni, na mzazi akipiga simu kuuliza mtoto wa chuo anaendeleaje, kwa kawaida humjibu mpaka mwanafunzi mwenyewe akubali. Mzazi anayelipa ada! Nilitoka pale nimeloa jasho. Sisi tumekua tunakimbilia ubao wa matangazo kuona nani wa ngapi. Hata Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza kumi bora mwaka 2023, wapo walioona kama wamenyang'anywa sherehe.

Yule binti hakuonekana vipindi vyote vilivyobaki wiki ile. Nikamwandikia barua pepe ya kuomba radhi. Niliifuta mara nne kabla ya kuituma, maana nilikuwa nawaona walimu wangu wa zamani wamesimama nyuma yangu wananiuliza tangu lini mwalimu akamwomba mwanafunzi radhi kwa maandishi. Akajibu maneno matatu: "Hakuna shida, Mwalimu." Jumatatu akarudi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: usikimbilie kusema hawa watoto hawana adabu. Watakula ndizi ukiwa unafundisha. Watatoka kwenda msalani bila kuomba ruhusa. Mmoja atakuja ofisini na karatasi mkononi akuulize kwa nini umemkata alama mbili, na atauliza akiwa anakutazama machoni. Si dharau. Umempa mwongozo wa kozi siku ya kwanza wenye tarehe, asilimia na masharti, na yeye anauchukulia kama mkataba. Ukibadilisha siku ya mtihani kienyeji umevunja mkataba. Wengine watakuita kwa jina lako la kwanza kama mliocheza pamoja rede. Mimi niliamua somo la kwanza kabisa liwe salamu na namna ya kumwita mtu. Nikawaambia, darasani kwangu mimi ni Mwalimu, na mkubwa anaamkiwa. Walipenda mno. Hadi Desemba nilikuwa naamkiwa shikamoo kutoka upande wa pili wa barabara, na wapita njia wanageuka.

Salamu yao, kwa upande mwingine, ilinichukua muda. Mtu anakuuliza "How are you?" huku anatembea. Mwezi wa kwanza nilikuwa nasimama ili nijibu, nikigeuka mwenzangu kashafika kwenye lifti.

Pitia sarufi. Narudia, pitia sarufi. Kufundisha ngeli kwa mtoto wa Morogoro ambaye tayari anazisema ni kumpa majina ya vitu anavyovijua. Hawa wanaanzia sifuri, na hawakuulizi maana, wanakuuliza kwa nini. Kiti kimevunjika, sawa. Kwa nini basi kiboko amekufa? Jibu la "ndivyo tunavyosema" liliniisha siku ya tatu.

Saa ndizo zilizoniaibisha zaidi. Niliwaeleza kwa kujiamini: sisi tunahesabu kutoka jua linapochomoza, ndiyo maana wao wakisema saba asubuhi sisi ni saa moja, na saa kumi na mbili jioni ni magharibi, jua linazama. Kijana mmoja akachungulia dirishani. Ilikuwa Agosti, na kule Agosti saa mbili usiku ndiyo kwanza jua linaaga. Akauliza, "Hapa je, Mwalimu?" Nikacheka, sina jibu. Desemba ikaja na kichekesho cha upande wa pili: saa kumi na nusu jua limezama, na mimi ndiyo kwanza natoka kipindini. Halafu Jumapili ya kwanza ya Novemba wanarudisha saa nyuma, nchi karibu yote kwa pamoja, hivyo hata tofauti na nyumbani inahama kutoka saa nane kwenda saa tisa. Mama yangu, ambaye alikuwa ananipigia akimaliza kufagia uwanja, saa nne asubuhi yake, hakuwahi kukubali kwamba kwangu ni usiku wa manane. "Mbona sauti imelala?"

Giza lile usilifanyie mzaha. Sisi tumezaliwa kwenye usiku na mchana unaolingana mwaka mzima. Novemba nilianza kulala mchana, nikaacha kupika, nikawa nakula mkate na siagi nikiwa nimevaa koti ndani ya nyumba. Koti lenyewe, usilinunue Kariakoo. Lile zito la Kariakoo ni la kuendea Njombe. Nenda duka la mitumba hukohuko, na ndiyo, nilicheka peke yangu mle dukani, nimevuka bahari kuja kuchagua mitumba kwenye chanzo chake. Nililipata moja la rangi ya majivu, linafika magotini. Viatu nunua vipya, vyenye soli ya kung'ata, maana kuna barafu usiyoiona kabisa kwenye lami. Mimi niliijua nikiwa tayari nimekaa chini, na vitabu vimetangulia.

Kilichonitoa kwenye mkate na siagi ni kujitolea. Nilisikia kwamba Jumanne jioni, chini ya kanisa moja, kuna wakimbizi wa Kongo wanajifunza Kiingereza na hawana anayejua Kiswahili. Nilikwenda nikiwa na hisia za mfadhili, nisiwadanganye. Nilimkuta mama mmoja wa Kibembe, mtu mzima, ananisikiliza nikizungumza kisha akauliza, "Wewe uko wa Tanzania?" Nikasema ndiyo. "Mimi nimekaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka kumi na minane. Unajua Kasulu?" Nikakiri kwamba Kigoma sijawahi kufika. Akanitazama kwa huruma. Yeye Mkongo alikuwa anaijua nchi yangu kunizidi, anajua bei ya mihogo ya Makere, na watoto wake watatu wamezaliwa huko. Tangu siku hiyo mgeni nikawa mimi.

Kiswahili chao kitakupa kazi. Batoto, aksanti, mayi. Ukianza kuwasahihisha umepotea njia, kwa sababu hicho ndicho Kiswahili chao na wamekizungumza kwa vizazi. Kazi uliyoendea ni kusoma nao barua ya shule, bili ya umeme, fomu ya nyumba.

Ila kuna mahali pa kusimama, na mimi nilijifunza vibaya. Siku moja nilimsindikiza yule mama kliniki nikajifanya mkalimani. Akasema ana tansio. Kichwani mwangu likaja lile neno la Kiingereza, nikamwambia nesi mama ana wasiwasi, ana mawazo mengi. Nesi akaanza kumuuliza kuhusu usingizi na majonzi, na mama anajibu kwa adabu maswali asiyoyaelewa yanatoka wapi. Ni hadi walipomfunga kile kitambaa mkononi na mashine ikasoma namba, ndipo nikaelewa kwamba tansio, kwa Kifaransa chao, ni presha. Alikuwa amekuja kueleza kwamba dawa za presha zimemwishia. Nesi akaniambia kwa upole kwamba hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zina wajibu wa kumtafutia mgonjwa mkalimani bila malipo, hata kwa simu, na kwamba ndugu na marafiki si wakalimani. Sikurudia. Msindikize mtu, shika mkoba wake, lakini daktarini mwombee mkalimani aliyefundishwa. Na hilo lifikishe kwa wazazi pia, maana huwa wanamtoa mtoto wa miaka 12 shuleni aende kutafsiri ugonjwa wa mama yake.

Mengine ya kujitolea ni mafupi. Ukitaka kukaa na watoto utachunguzwa rekodi za polisi, usinune, kila mtu anachunguzwa. Mtu akitaka kukulipa, kataa hadi uulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Visa ya J-1, ile tunayoendea sisi wa FLTA, hairuhusu kazi ya malipo nje ya ile uliyoletewa bila kibali. Na panga siku moja kwa wiki, si nne. Kuna kipindi nilikuwa napigiwa simu na familia saba, nikafeli insha yangu mwenyewe.

Pesa za nyumbani: chagua kiasi, chagua mtu mmoja wa kumtumia, waambie wengine wote wamuulize yeye. Utasemwa. Utasemwa hata ukituma zote.

Na ugali. Iowa ina mahindi hadi kwenye upeo wa macho, lakini ni ya njano, ya ng'ombe na ya mafuta ya magari. Nikanunua unga wa Kimeksiko nikidhani nimeokoka, kumbe ule wa kutengenezea tortila mahindi yake yamechemshwa na chokaa. Niliusonga, nikaunusa, nikaumwaga. Yule mama aliposikia alinicheka hadi akashika ukuta. Jumapili akaniita kwake, akasonga bugali wa unga mweupe, na sombe, ambayo ni kisamvu chetu, yenye mawese. Sikuongea nusu saa. Jumapili zilizofuata sikuhitaji kuitwa.

Nilipoondoka Mei, koti nilimwachia yeye, kwa makubaliano kwamba ni la mwalimu wa Kiswahili atakayefuata. Kwa hiyo ukipangiwa mji ule, nitumie ujumbe nikuunganishe. Lina joto. Mfuko wa kushoto umetoboka, usiweke funguo.