Kugeuza Toyota Corolla 110 ya otomatiki iwe manuali: pedeli msizifanyie juujuu

Ndugu uliyeuliza kama fundi akate ile pedeli pana ya breki ya otomatiki kwa grinda alafu achomelee ya klachi pembeni ili 110 yako iwe manuali, usikubali kabisa. Mi kazi yangu ni hizi giaboksi hapa Malindi, wengi ni watu wa kubeba mzigo Mambrui na Marafa wanataka gari ya gia sababu ya mchanga, na pedeli ndo kitu naangalia mara mbili. Giaboksi ikikataa utasimama njiani tu, breki ikikataa ni mambo mengine.

Tafuta seti nzima ya 110 manuali, klachi na breki pamoja kwenye breketi yake. Kabla hujalipa zishike uzitikise kushoto kulia, zikicheza bushi (vile vipete pedeli inazungukia) zimelika, nunua mpya upake grisi maana zikishaingia huko juu kuzifikia tena ni shida.

Kazi yenyewe ni kulala chali kichwa chini ya deshibodi. Toa waya wa betri, kama stelingi ina eabegi ngoja sekunde 90 kwanza, alafu shusha stelingi upate nafasi. Chomoa pini inayoshika pedeli ya breki na fimbo ya busta (lile duara la bati upande wa injini linaloongezea mguu nguvu ya breki), fungua nati 4 za busta na bolti ya juu ya breketi, na hapo mtu ashikilie busta upande wa injini, ikining'inia paipu za breki zinapinda.

Masta ya klachi (pampu ndogo inayosukuma oili ya klachi) inakaa kushoto kwa busta ukiwa kwenye kiti cha dereva. Kwenye bati linalotenga injini na ndani ya gari, Toyota nyingi utakuta pana kibati au alama za matundu tayari. Ukitoboa, piga rangi ukingo wa tundu kabla hujafunga chochote, hii hewa yetu ya chumvi haingoji na bati hilo ndo linabeba nguvu ya mguu wako.

Sasa hapa ndo mafundi wengi wanapita haraka. Pedeli ya breki ukiisukuma kwa kidole itembee bure kidogo, milimita 1 mpaka 6, ya klachi 5 mpaka 15. Ukiikaza ikakosa huo uhuru pistoni ya masta hairudi mpaka mwisho, kitundu cha kurudisha oili kwenye chupa kinabaki kimezibwa, oili ikipata moto inatanuka haina pa kwenda na breki zinajishika zenyewe ukiwa barabarani, watu wanabadilisha pedi bure. Swichi ya taa za breki nayo irekebishe upya. Klipu ya ile pini weka mpya, usifunge kwa waya!!

Kupima busta: injini imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu, shikilia hapo, washa gari. Pedeli ikishuka kidogo iko sawa.

Stata isipolia ukimaliza usianze kuifungua, swichi ya P na N (inayoruhusu gari iwake gia ikiwa P au N tu) imetoka na giaboksi ya zamani. Zile waya 2 zake za stata zipitishe kwenye swichi ya pedeli ya klachi, gari isiwake mpaka umekanyaga klachi.