Kiporo ndani ya Python: kuahirisha hesabu bila kuharibu jibu

Haskell ni lugha ya programu yenye uvivu: haikokotoi kitu mpaka kihitajike. Python, Java na C# hufanya kinyume: hoja, yaani thamani inayopewa fanksheni, hukokotolewa kabla fanksheni haijaanza, hata kama ndani yake haitaguswa. Kuleta uvivu wa Haskell kwenye lugha za amri kama hizi, zinazotekeleza maagizo hatua kwa hatua, hakuchukui hata mistari ishirini. Ugumu huja baadaye, kwa kuwa vigeu vya lugha hizi hubadilika. Ukiahirisha hesabu, unapaswa pia kujua itatumia thamani ya wakati gani.

Msingi wake ni thanki, yaani fanksheni isiyo na hoja iliyofungia hesabu ndani yake. Jina hilo lina umri: Ingerman alilitumia mwaka 1961 alipoeleza namna ya kupitisha hoja kwa jina (hoja hukokotolewa kila inapotumika) katika lugha ya ALGOL 60. Thanki tupu hurudia hesabu kila inapoitwa. Tunachotaka ni ihesabu mara moja na kuhifadhi jibu. Tuiite kiporo:

```python
class Kiporo:
    def __init__(self, kazi):
        self.kazi, self.hali, self.jibu = kazi, "bado", None

    def pata(self):
        if self.hali == "tayari":
            return self.jibu
        if self.hali == "inaendelea":
            raise RuntimeError("kiporo kinajihitaji chenyewe")
        self.hali = "inaendelea"
        try:
            self.jibu = self.kazi()
        except BaseException:
            self.hali = "bado"
            raise
        self.hali = "tayari"
        self.kazi = None
        return self.jibu
```

Usiuache mstari wa `self.kazi = None`. Wengi huusahau, kisha hushangaa programu inavyokula kumbukumbu. Fanksheni hushikilia kila kigeu ilichokifungia. Kama kiporo kilisoma orodha ya rekodi milioni moja ili kutoa namba moja, orodha hiyo inaweza kubaki hai kwa muda wote kiporo kinapoishi.

Hesabu ikifeli, hali hurudi "bado" ili anayefuata ajaribu tena. Hilo linafaa kwa usomaji wa mtandao. `Lazy` ya C#, aina yake ya kiporo, ukiipa fanksheni na kuiacha na mipangilio yake ya kawaida, huhifadhi hitilafu na kuirudisha ileile kila mara. Mtandao ukikatika sekunde mbili tu, kosa linabaki pale mpaka kitu hicho kiundwe upya.

Sasa mtego unaonasa karibu kila mtu (`lambda` ni fanksheni fupi isiyo na jina):

```python
viporo = [Kiporo(lambda: i * i) for i in range(3)]
```

Ukivikokotoa utapata 4, 4, 4. Fanksheni zote tatu zimeshika kigeu kimoja, na lupu ilipokwisha `i` ilikuwa 2. Andika `lambda i=i: i * i` upate 0, 1, 4. Java hukuepusha na kosa hili kwa kukataa kutafsiri msimbo unaofungia kigeu kinachobadilika. Ila `i=i` hunakili rejeo tu. Kama ni orodha ambayo mtu mwingine ataiongezea vitu, funga nakala yake: `lambda o=tuple(orodha): sum(o)`.

Faili nalo lina shida ya namna hiyo. Ukiunda kiporo cha `f.read()` ndani ya `with` na kukiomba jibu nje yake, faili limeshafungwa na utapata `ValueError`. Ama fungua faili ndani ya kiporo chenyewe, ama soma papo hapo.

Angalia pia minyororo. Kujumlisha kwa viporo, kila kimoja kikitegemea kilichotangulia, hutumia miito miwili kwa kila pete: `pata` na `lambda` yake. Kikomo cha kawaida cha Python ni miito 1000, kwa hiyo mnyororo wa pete zinazokaribia 500 huanguka kwa `RecursionError`. Kuongeza kikomo ni kusogeza tatizo mbele. Afadhali uite `pata` kila baada ya pete mia moja hivi, au jumla yenyewe uifanye kwa lupu ya kawaida. Hesabu nyepesi kama kujumlisha haistahili kiporo hata kidogo, maana kuunda fanksheni ni ghali kuliko hesabu yenyewe.

Kwenye nyuzi nyingi, yaani sehemu za programu zinazoenda sambamba, msimbo ulioko juu utasingizia. Uzi wa pili ukikuta "inaendelea" utaambiwa kiporo kinajihitaji chenyewe, kumbe ni uzi wa kwanza bado unahesabu. Zungushia mwili wa `pata` kufuli la `RLock`, moja kwa kila kiporo. Ukitumia `Lock` ya kawaida, kiporo kinachojihitaji kweli kitajisubiri milele badala ya kutoa hitilafu, lakini `RLock` huruhusu uzi uleule kuingia tena na kukutana na onyo. Hata hivyo, viporo viwili vinavyohitajiana, kila kimoja kikianzishwa na uzi wake, bado vitasubiriana bila mwisho, na hapo dawa ni kuukata mzunguko wenyewe. Wanaotumia `cached_property` ya Python, ambayo nayo huhesabu mara moja na kuhifadhi jibu, wakumbuke kwamba kufuli lake liliondolewa kwenye toleo la 3.12.