Babu Humpati kwa Jina Lake, Mtafute kwa Majirani

Watu wengi wakianza hii kazi ya kutafuta ukoo wanabeba kitu kimoja tu, jina. Unaingia ofisini unamwambia karani natafuta mzee fulani, mtu wa Taita, alikufa kabla ya uhuru, nisaidie. Karani anakuangalia tu. Na hata akiwa na roho safi kabisa hatakusaidia, manake hilo jina pengine halijawahi kuandikwa mahali popote vile wewe unavyolijua.

Chukua sisi Wataita. Mtu alikuwa na jina lake na la baba yake, basi. Mtoto akienda shule anaandikisha lake na la baba, la babu linaanguka hapo hapo, halafu linarudi tena kwa mjukuu juu watoto wanaitwa majina ya babu zao, sasa unajikuta na watu wanne kwenye ukoo mmoja wenye jina moja na hujui nani ni nani. Ongeza jina la ubatizo. Ongeza karani wa serikali ya mkoloni ambaye sauti ya "gh" hajawahi kuisikia maishani mwake, Mghanga anamwandika Mganga, kesho mwingine anamwandika Mugange, na wote watatu ni mzee mmoja aliyesimama pale akingoja kulipa kodi. Kwa hivyo mimi nikiulizwa huwa nasema hivi: usimtafute babu, tafuta watu waliokuwa karibu naye. Jirani wa shamba, msimamizi wa ubatizo, shahidi wa harusi, mtu waliyeajiriwa naye kwa mkonge. Jina la babu linabadilika kila karatasi, lakini wale watu wa kando yake ni wale wale, na ukiona majina yao matatu pamoja tena mahali pengine, hapo jua umefika.

Anza nyumbani, na sisemi uanze kwa kuhoji wazee, hiyo kila mtu anajua. Sema na yule shangazi anayeweka programu za mazishi. Kila familia Kenya hii ina mtu kama huyo, ana bahasha kabatini au mfuko wa nailoni chini ya kitanda, programu za tangu miaka ya themanini huko. Watu wanazidharau lakini mle ndani kuna wasifu wa marehemu, alizaliwa wapi, mtoto wa ngapi, mama yake alitoka ukoo gani, ndugu waliotangulia, wake wawili kama walikuwa wawili (na mara nyingine mke wa pili hatajwi kwa programu ya upande mmoja, sasa tafuta ya upande ule mwingine). Piga picha zote mbele na nyuma, na ile orodha ya kamati ya mazishi pia usiiruke, hao ndio majirani wenyewe.

Halafu kabla hujapanda matatu kwenda popote, kaa na simu yako kwanza. Kenya Gazette, lile gazeti rasmi la serikali, imeskaniwa, za zamani sana ziko Google Books na zingine kwenye tovuti za gazeti za Afrika, bure, na gazeti lenyewe lilianza 1899. Sasa mtu akifa na mali, familia ikienda kotini kufungua urithi, tangazo linatoka kwa Gazette: jina la marehemu, alikuwa mkazi wa wapi, alikufa wapi na tarehe gani, na nani ameomba na ni nani wake, mwana, mjane, ndugu. Huo mstari mmoja unakupa vizazi viwili na tarehe ya kifo ambayo hata nyumbani walikuwa wanabishana. Usiandike jina kamili ukitafuta, andika kijiji au lokesheni. Ukishapata namba ya kesi nenda kwa rejista ya hiyo koti uombe kusoma faili, kuna ada ya kulipa, na ndani utakuta barua ya chifu yenye orodha ya warithi wote. Hiyo barua ya chifu kwangu mimi ni dhahabu.

Na usisahau hukumu zenyewe, tovuti ya Kenya Law inaziweka wazi mtu yeyote asome. Kesi za ardhi za ndugu kwa ndugu zinaumiza moyo lakini jaji lazima aeleze mzee alikuwa na nyumba ngapi, nani alizaliwa kwa nyumba gani, nani alihama mwaka gani na kwa nini. Watu waliogombana vizuri ndio wameacha historia nzuri kuliko watu waliokaa kwa amani, sijui nicheke ama nilie.

Sasa tuje kwa ardhi, hapa ndio penyewe. Serikali ilipoanza kugawa na kuandikisha mashamba ya watu, ule mpango wa Swynnerton wa 1954 halafu baadaye sheria ya 1968, kila sehemu ilikuwa na kamati ya wazee, wanatembea shamba kwa shamba wanasema hapa ni kwa fulani, mpaka ni huu mti, wanaandika. Kila shamba likapata namba. Watu wengi wakienda ofisi ya ardhi ya kaunti wanafanya search, wanapata jina la mwenye shamba wa leo, wanarudi nyumbani. Search peke yake haitoshi. Unachotaka ni historia ya hilo shamba, ile kadi wenyewe wanaita green card, ambayo inaonyesha mwenyewe wa kwanza kabisa na kila mtu aliyefuata na tarehe. Kama shamba ni la familia yenu mpe mwenye jina lake aombe yeye, itakuwa rahisi zaidi kuliko wewe kijana wa Nairobi kuingia na begi la mgongoni. Halafu omba kuona ramani, uandike namba za mashamba yote yanayopakana na lenu, ufuatilie wenyewe wa kwanza wa hayo pia.

Mimi nilipofanya hivyo ndio kitu kikaanza kuonekana. Kwetu tunakaa upande wa chini, si mlimani, na wazee walikuwa wanasema tu "sisi tulitoka Malindi". Malindi? Sisi si Wagiriama, lugha yetu ni Kitaita, kichuku chetu, yaani ukoo wetu, kinajulikana, Malindi tulienda kufanya nini? Kila mtu alikuwa na hadithi yake, wengine ati babu alikuwa mfanyabiashara, wengine ati alifuata mwanamke. Lakini yale mashamba ya jirani, nilipouliza watoto wao, mmoja baada ya mwingine wakasema na sisi tuliambiwa tulitoka Malindi. Babu mmoja akifuata mwanamke ni sawa, lakini msitari mzima wa mashamba?

Na kama shamba lenu lilikuwa na ubishi wakati wa kugawa, uliza kama mafaili ya mapingamizi yalihifadhiwa. Hayo watu hawayajui. Mzee akipinga mpaka alikuwa anasimama mbele ya kamati anataja baba, babu, baba wa babu, nani alifyeka hapa kwanza, na karani anaandika. Si kila ofisi inayo na mengine yameliwa na mchwa, lakini ukipata hata ukurasa mmoja utanishukuru.

Jibu la Malindi lilikuwa Nairobi, pale Kenya National Archives, ile nyumba ya zamani ya Bank of India kwenye Moi Avenue ambayo watu wanatumia kama mahali pa kukutana na hawajawahi kuingia. Kuingia ni ada ndogo tu. Faili za wilaya yetu zinaanza na DC/TTA, ni ripoti za kila mwaka za DC, yule mkuu wa wilaya, na ukitaka za mkoa unaomba za PC, mkuu wa mkoa, wa Pwani. Za wilaya yenu zitakuwa na herufi zake, muulize mtu wa pale dirishani, wanajua. Usitegemee kumkuta babu yako humo kwa jina, DC hakuandika watu wadogo, aliandika machifu, mvua, kodi, njaa. Lakini utakuta kilichowapata watu wote wa mahali hapo.

Na kilichowapata watu wa Kasigau, mlima wa huko kwetu Taita, ni hiki. Vita ya kwanza, 1915, Wajerumani kutoka Tanganyika walivuka wakakamata mlima Kasigau. Waingereza wakasema wenyeji ndio waliwasaidia, wakawakusanya watu wa mlima mzima wakawahamishia Malindi, wengi wakafa huko kwa njaa na malaria. Waliobaki walikaa uhamishoni miaka na miaka, kurudi mlimani kwenyewe ni miaka ya 1930. Na si wote waliorudi. Hawa waliobaki njiani ndio majirani zangu wa mashamba, na ndio sisi. Hakukuwa na biashara wala mwanamke wa kufuata. Yule mzee wangu anayependa ile hadithi ya mwanamke nilimweleza, akanyamaza, halafu akasema lakini mwanamke naye alikuwepo. Sawa, nimemwandika.

Makanisa ni safari yake peke yake. Kwetu CMS, wale wamisionari wa Kianglikana, walifika Sagalla 1883 na Wakatoliki walikuwa Bura miaka ya mwanzo ya tisini ya karne hiyo, kwa hivyo rejista za ubatizo zinaweza kurudi nyuma kuliko karatasi yoyote ya serikali, kumbuka kuandikisha vizazi kwa lazima Kenya nzima ni juzi tu, 1971. Za Wakatoliki za zamani ziko kwa Kilatini, usiogope, ni maneno machache yanayojirudia, Josephus ni Yosefu, Petrus ni Petro. Angalia pembeni ya ukurasa, padri alikuwa anaandika pale kama huyo mtoto baadaye alipata kipaimara na alioa wapi, unaweza kumfuata mtu kutoka parokia moja hadi nyingine kwa hiyo pembeni tu. Na wasimamizi! Andika msimamizi wa kila mtoto. Kwenda penyewe usiende Jumapili, wala wiki ya Pasaka, mpigie katibu wa parokia kwanza, na ukimaliza weka kitu kwa sadaka bila kuombwa.

Kama mna kipande cha babu mahali, kile kitambulisho cha mkoloni cha kuvaa shingoni, kilianza kutolewa kwa nguvu mwaka wa 1919 na 1920 hivi, msiuze kwa watu wa vitu vya kale. Ile karatasi ya ndani ina mwajiri, tarehe ya kuanza na kuacha na mshahara. Mwajiri akiwa shamba la mkonge, tafuta wazee wa kambi hiyo. Lakini kwa Kariakoo ya vita ya kwanza, wale wabeba mizigo, nisikudanganye, wengi wao hawakuandikwa jina kwa kaburi lolote wala ukuta wowote, hata tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikubali hivyo kwenye ripoti yake ya 2021. Usipoteze miezi hapo kama mimi ninavyoona watu wanapoteza.

Sasa watu. Hii kazi huifanyi peke yako, na wenzako wazuri si lazima wawe ndugu zako, mara nyingi ni mtu wa ukoo mwingine kabisa anayetafuta kijiji kilekile. Mwalimu mstaafu mwenye kitabu cha mazoezi kimejaa majina, dada aliyeolewa Uingereza anayeweza kwenda Kew, London, kwenye nyaraka za taifa za Uingereza, kukupigia picha faili, kijana wa chuo anayeandika tasnifu na amekaa Archives mwaka mzima. Ukikutana na mtu kama huyo usianze na kuomba. Mpe kwanza. Mimi huwa natuma picha za ukurasa mzima, si ule mstari wangu tu, kwa sababu mistari mingine ni ya watu wake, na siku akikutana na jirani yangu kwenye faili zake atanikumbuka. Wale wanaokaa kwa grupu la WhatsApp wakivuna bila kupanda wanajulikana haraka sana.

Na kuna jambo ambalo hakuna mgeni atakwambia: ukianza kuuliza majina ya mababu na namba za mashamba, kijiji kizima kitasema unataka ardhi. Watasema tu, hata uwe mtakatifu. Kwa hivyo nenda na mtu mzima wa familia, pitia kwa mzee wa mtaa na naibu chifu, sema wazi mbele ya watu unatafuta nini, na ile chati ukishaichora wape kopi, iende kwa kila nyumba ikiwemo ile mnayogombana nayo. Usiwe shahidi wa mtu kwenye kesi ya shamba kwa kutumia ulichopata, ukifanya hivyo mara moja tu milango yote inafungwa. Namba za vitambulisho na tarehe za kuzaliwa za watu walio hai weka kwako, kuna sheria ya data tangu 2019 na hata bila sheria ni adabu.

Mazishi yakitokea kijijini nenda mapema. Kaa na wale waliokuja kutoka mbali, wale ambao watu wananong'ona "huyu ni nani", mletee chai, muulize ametoka wapi na anahusiana vipi na marehemu. Hao wanaondoka na gari la saa kumi, na wengine huwaoni tena.