Intaneti ya nyumba ya uani: nilikosea mara tatu kabla ya kuchimba mfereji

Mdogo wangu alipohamia nyumba ya uani nilimkataza kulipia intaneti yake. "Ya kwangu inatosha, tutatumia wote," nilimwambia. Kati ya ruta yangu na meza yake kuna mita 35 hivi, na simu yake ilikuwa ikiionyesha Wi-Fi yangu na mistari miwili, siku nyingine mitatu. Wiki haikuisha akaanza kunipigia: "Kaka, nimeganda tena." Alikuwa akifanya mikutano ya video amesimama kibarazani, kompyuta ameipakata kama mtoto mchanga, kwa sababu ndani haikushika.

Ile mistari ndiyo iliyonidanganya. Simu inaonyesha jinsi inavyoisikia ruta. Jinsi ruta inavyoisikia simu haionyeshi. Ruta ina antena ndefu na inakula umeme wa ukutani. Simu ina kiantena kidogo na betri inayobaniwa matumizi. Basi ni mazungumzo ya mwenye kipaza sauti na mtu anayenong'ona: huku unasikia kila neno, kule hawaambulii kitu. Mimi, kwa ujuzi wangu wote, nikaenda kununua ruta yenye antena sita. Yaani nikamwongezea sauti yule mwenye kipaza, na anayenong'ona akabaki na sauti ile ile. Hilo lilikuwa kosa la kwanza.

Kabla hujanunua chochote, fanya vipimo viwili. Cha kwanza, chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya upime kasi hapo hapo. Kama hapo penyewe intaneti inayumba, shida iko kwa anayekuletea huduma, na hakuna kifaa cha uani kitakachoiponya. Cha pili, pakua programu ya kupima Wi-Fi inayotoa namba za dBm, yaani kipimo cha nguvu ya mawimbi, badala ya mistari. Namba hizo ni hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa mazuri: -50 ni raha tupu, -67 ndio mpaka wangu kwa simu za video, na ukifika -80 unabahatisha. Pima ukiwa umeketi pale utakapofanyia kazi, mlango umefungwa. Sisi tulipata -64 kibarazani na -82 mezani, hatua chache tu kutoka hapo.

Tofauti hiyo ilinishangaza mpaka nilipopanda darini. Chini ya bati kulikuwa na karatasi ya kung'aa ya kuzuia joto, ile ya alumini. Chuma na alumini hurudisha mawimbi yalikotoka. Maji huyanywa, ndiyo maana tangi la maji lililosimama katikati, au mti wenye majani mengi yaliyolowa mvua, huharibu mambo hata kama hakuna ukuta. Masafa ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi kuliko ya gigahezi 5, lakini ndiyo yaliyojaa vifaa vya majirani, kwa hiyo unachokipata mkono huu kinakuponyoka mkono ule.

Kosa la pili lilikuwa repita. Nikaichomeka chumbani kwa mdogo wangu, simu yake ikajaa mistari yote, tukapongezana. Kasi ikabaki ile ile mbovu. Repita hurudia inachokisikia, na pale chumbani ilikuwa ikisikia vipande vipande, basi ikavirudia vipande hivyo kwa sauti kubwa. Nilipoihamishia kwenye dirisha la nyumba kubwa linalotazama uani kukawa na nafuu. Hata hivyo repita ya redio moja haiwezi kupokea na kutuma kwa wakati mmoja kwenye chaneli moja, hupokezana, na kasi hushuka karibu nusu. Kwa kusoma barua pepe inatosha. Kwa mtu anayeishi na mikutano ya video, hapana. Vile vifaa vya kisasa vinavyouzwa viwili viwili au vitatu vitatu, vinavyotandaza Wi-Fi nyumba nzima, vina ugonjwa huo huo vikiunganishwa hewani kupitia kuta zile zile. Vikiunganishwa kwa waya ndipo vinapong'ara.

La tatu: adapta zinazopitisha intaneti kwenye nyaya za umeme. Unachomeka moja kwenye soketi karibu na ruta, nyingine kwenye soketi ya uani, basi. Siku ya kwanza nilidhani nimemaliza. Kisha tukagundua kwamba pampu ya maji ikiwaka, intaneti inalala. Nyumba ya uani ilikuwa na boksi lake la swichi za umeme, na ishara ilifika kule imechoka. Kama nyumba mbili zina mita tofauti za umeme, au ziko kwenye fezi tofauti, huenda adapta hizi zisionane kabisa. Ukitaka kujaribu, azima kwanza, uzichomeke moja kwa moja ukutani; ukizitia kwenye ekstensheni yenye kinga ya umeme, kinga hiyo hiyo huchuja na ishara ya intaneti.

Hapo ndipo nilipochukua sururu.

Waya wa shaba wa kawaida wa mtandao unaruhusiwa kwenda mpaka mita 100, na aina ya Cat5e inabeba gigabiti 1 kwa sekunde umbali wote huo. Nyumba nyingi za uani hazifiki hata nusu yake. Tatizo kubwa ni kuuziwa alumini iliyopakwa shaba. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisha. Alumini hukatika ukiikunja na hupoteza ishara zaidi njiani. Chukua waya wa nje, wenye ganda jeusi linalostahimili jua, hata kama utaupitisha ndani ya bomba. Bomba lililofukiwa huingia unyevu tu, hata ulizibe vipi, na waya wa ndani haukutengenezwa kuoga.

Bomba lenyewe liwe pana kuliko unavyodhani unahitaji. Kwenye kona tumia mkunjo mpana. Kiwiko cha ghafla hakipitishi waya, utavuta mpaka mikono ichubuke. Usiuweke waya wa intaneti bomba moja na waya wa umeme. Ni hatari kwa watu kabla hata ya kuwa kero kwa mtandao. Tundu la ukutani litobolewe likiinamia nje, na waya ushuke kidogo chini ya tundu kabla ya kupanda kuingia, ili maji ya mvua yadondoke pale kwenye tumbo la waya badala ya kufuata njia mpaka ndani. Na kabla ya kufukia, acha kamba ya nailoni ndani ya bomba. Kamba hiyo niliiacha kwa sababu tu ilikuwa imebaki. Nitairudia.

Tulipowasha, kasi iligota karibu na megabiti 95 na haikusogea. Ukiona namba ya namna hiyo usiilaumu kampuni ya intaneti kwanza. Gigabiti 1 hutumia jozi zote 4 za nyuzi zilizo ndani ya waya, megabiti 100 hutumia jozi 2 tu. Jozi moja ikilegea, vifaa hushuka kimyakimya na kuendelea na kazi. Kichwa nilichokibana upande wa uani kilikuwa na uzi mmoja ambao haukufika mwisho. Nikakikata, nikabana kingine, kasi ikafunguka.

Tukakaa kwa amani mpaka msimu wa mvua. Usiku mmoja radi ikapiga jirani, wala haikutugusa. Asubuhi tundu la waya kwenye swichi ya mtandao kwetu, kile kisanduku kinachogawa nyaya za intaneti, lilikuwa limekufa, na la kifaa cha uani vilevile. Majengo mawili yana nguzo mbili za kutuliza umeme ardhini, na radi ikitua karibu, ardhi ya hapa na ya pale haziwi sawa kwa nukta hiyo. Umeme hutafuta njia ya kusawazisha, na mimi nilikuwa nimeutengenezea njia nzuri ya shaba kutoka nyumba hadi nyumba. Kuna vikinga vya radi vya kufunga pande zote mbili, vinasaidia vikiunganishwa vyema na waya wa ardhini. Mimi sikutaka kurudia.

Ndipo ile kamba ilipolipa. Tulifunga kebo ya faiba kwenye kamba, tukavuta, na kwa chini ya saa moja kazi ikaisha bila kugusa udongo. Faiba ni kioo, haipitishi umeme, radi haina cha kufuata. Ila angalia: baadhi ya kebo za faiba za nje zina uzi wa chuma wa kuzishikilia au ganda la chuma, na ukiinunua hiyo umerudisha njia ya umeme uliyokuwa unaikimbia. Nilichukua iliyokwishafungwa vichwa kiwandani, kwa sababu kuunganisha faiba kunataka mashine yake, pamoja na vigeuzi viwili vidogo vya kubadili mwanga kuwa waya wa kawaida. Hakikisha vigeuzi vinalingana na aina ya kebo. Usiikunje kama kamba ya viatu, usiguse ncha kwa kidole, na usichungulie ndani yake ikiwa imewashwa. Kama ningeanza upya leo ningeanzia hapa.

Kuna wasioweza kuchimba: nyumba ni ya kupanga, au uani kote ni zege. Hapo ningefunga antena mbili ndogo nje ya kuta, zinazotazamana. Watu huzichanganya na repita, ingawa hizi hazirudii mawimbi dhaifu ya ndani; zote ziko nje, zinaonana bila kizuizi, na chuma cha darini hakizihusu. Kwa umbali mfupi punguza nguvu ya kutuma, maana zikiwa karibu sana huzibana masikio zenyewe kwa zenyewe. Tazama na miti: tawi jembamba la leo litakuwa pazia baada ya miezi michache.

Upande wa uani, ukitumia ruta ya zamani kusambaza Wi-Fi, zima DHCP yake, ile huduma inayogawa anwani kwa vifaa, ipe anwani isiyogongana na ya ruta kubwa, na uuchomeke waya kwenye tundu la kawaida, si lile la intaneti. Bila hivyo utakuwa na vifaa viwili vinavyogawa anwani, printa haionekani na hakuna anayejua kwa nini. Kwa gigahezi 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11, tofauti na ya nyumba kubwa. Anayekaa uani akiwa mpangaji, mpe mtandao wake uliotengwa. Hana haja ya kuona kompyuta zako, na wewe huna haja ya kuona zake. Na kama umeme hukatika, betri ndogo ya akiba iwe pande zote mbili. Sisi tuliiweka kwenye ruta tukasahau kigeuzi cha uani, na umeme ulipokatika mara ya kwanza simu ikalia: "Kaka..."

Jambo la mwisho nililofanya vizuri bila kukusudia: nilipiga picha mfereji kabla ya kuufukia, futi ya kupimia ikiwa imelazwa kando ya ukuta. Juzi fundi bomba alikuja kutafuta mahali panapovuja. Alikuwa ameshainua sururu nilipomwonyesha simu. Akasogea hatua mbili kushoto, akachimba hapo.