Itazameni hesabu ya viti

Mhariri, mmeuliza kwa nini baadhi ya nchi za Ulaya ya Mashariki zilizoachana na ukomunisti zimerudi kuiminya demokrasia ilhali uchaguzi unafanyika kila muda wake ukifika. Wengi hujibu kwamba watu wa huko hawajaizoea demokrasia. Jibu hilo silikubali. Hungaria na Polandi zina historia inayokaribiana, na zote zilitawaliwa na vyama vyenye nia inayofanana, lakini hazikufika mahali pamoja. Tofauti kubwa ilikuwa idadi ya viti bungeni.

Hungaria, mwaka 2010, chama cha Fidesz cha Viktor Orbán na mshirika wake walipata takriban asilimia 53 ya kura za orodha, yaani zile anazopigiwa chama badala ya mgombea wa jimbo, wakavuna viti 263 kati ya 386. Hiyo ni zaidi ya theluthi mbili, kiwango kilichotosha kubadili katiba bila kura ya maoni, na bunge lenyewe ni la chumba kimoja. Kizuizi kilikuwapo: kifungu cha mwaka 1995 kilitaka utaratibu wa kuandika katiba mpya ukubaliwe na wabunge wanne katika kila watano. Ila kifungu hicho chenyewe kiliweza kufutwa kwa theluthi mbili, kikafutwa mwaka huohuo wa 2010. Kufuli lilikuwa imara, ufunguo ukaachwa mlangoni.

Katiba mpya ilianza kutumika Januari 2012. Majaji wa Mahakama ya Katiba waliongezwa kutoka 11 hadi 15. Majaji wa kawaida walishushiwa umri wa kustaafu kutoka miaka 70 hadi 62. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilipolikataa jambo hilo Novemba 2012, viti vingi vya juu vilishapata wenyewe wapya.

Sheria ya uchaguzi ndiyo kazi iliyofanywa kwa ustadi zaidi. Wabunge walipunguzwa hadi 199: 106 wa majimbo, 93 wa orodha. Mipaka ya majimbo ikachorwa upya na duru ya pili ikaondolewa, hivyo upinzani uliogawanyika hauna nafasi ya kuungana baadaye. Kisha likaja jambo ambalo wageni hulipita bila kuliona. Kura za aliyeshindwa jimboni huhesabiwa kwenye orodha ya chama chake, na hilo ni la kawaida. Hungaria iliongeza na ziada ya mshindi. Mgombea akipata kura 20,000 na anayemfuata 15,000, kura 4,999 za mshindi huenda kwenye orodha ya chama chake, juu ya jimbo alilokwisha kulitwaa. Mwaka 2014 Fidesz ilishuka hadi takriban asilimia 45 ya kura za orodha, ikabaki na viti 133, theluthi mbili ileile. Hapakuwa na haja ya kuiba sanduku hata moja.

Polandi, chama cha PiS (Sheria na Haki) kilipata viti 235 kati ya 460 mwaka 2015. Kilitosha kuunda serikali, hakikutosha kugusa katiba. Kwa hiyo kilivunja kanuni waziwazi: Rais wa wakati huo, Andrzej Duda, aliyetoka PiS, alikataa kuwaapisha majaji watatu wa Mahakama ya Katiba waliokwisha kuchaguliwa kihalali, na serikali ikagoma kuchapisha hukumu ya Machi 2016. Mwaka 2017 bunge likajipa kazi ya kuchagua wajumbe 15 walio majaji katika baraza linalopendekeza majaji. Lakini mfumo wa kugawa viti haukupinduliwa, na mwaka 2023 PiS, ingawa iliongoza kwa kura, ilipata viti 194 dhidi ya 248 vya wapinzani wake.

Kurekebisha ndiko kugumu. Kura ya turufu ya rais hushindwa kwa sehemu tatu kwa tano za kura, yaani wabunge 276 wakihudhuria wote, na Donald Tusk, aliyekuwa waziri mkuu baada ya uchaguzi wa 2023, hakupata idadi hiyo. Tena majaji walioteuliwa kupitia baraza lile wamekwisha kutoa hukumu za talaka, mirathi na madeni. Ukiwafuta wote kwa mkupuo, hukumu hizo zinatiliwa shaka; ukiwaacha, kila mwenye kesi anaweza kudai kwamba aliyemhukumu si jaji halali.